Nia na Ukuu: Maneno Machache juu ya Kitabu cha Booker T. Washington

Sidhani iko shule katika nchi yetu ambayo ubao wake haujapata kuandikwa maneno haya: Penye nia pana njia. Mimi mwenyewe nimeyaandika mara nyingi kwa herufi kubwa, nikawaagiza watoto wayanakili katika madaftari yao, nikapita kati ya madawati nikisahihisha mwandiko. Ni maneno mazuri, wala sikuja leo kuyapinga. Lakini methali ni kama panga: lafyeka shamba, na mara nyingine lamjeruhi mwenye shamba. Kwa hiyo nataka tukitazame pamoja kitabu kimoja ambacho sisi walimu tumekitumia sana kuihubiri methali hiyo, tuone kama kitabu chenyewe chasema yale tunayokisingizia.

Kitabu hicho ni habari za maisha ya Booker T. Washington wa Marekani, alizoziandika mwenyewe kwa Kiingereza. Jina lake ni Up from Slavery, maana yake Kupanda kutoka Utumwani. Habari hizo zilitolewa kwanza kidogo kidogo katika gazeti la The Outlook, miaka ya 1900 na 1901. Kisha mwaka 1901 zikapigwa chapa kuwa kitabu chenye sura 17. Huku kwetu njia yake ilikuwa kupitia shule. Mwaka 1924 walikuja Afrika ya Mashariki wajumbe wa Phelps-Stokes kutazama mambo ya elimu, na kati yao alikuwamo Mwafrika, Dr. Aggrey wa Gold Coast, nchi ambayo sasa yaitwa Ghana. Mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School huko Kabete, katika Kenya, kwa kufuata mfano wa shule za watu weusi wa kusini ya Marekani. Tangu siku hizo jina la Washington limetajwa mbele ya watoto wetu pamoja na jembe, ufagio na tofali.

Nitasema wazi kwa nini nimeshika kalamu. Nalikuwa na mwanafunzi mmoja, mvulana wa miaka kumi na mitatu, ambaye kila siku alifika wenzake wamekwisha kusoma somo la kwanza. Nikamwonya, nikampa adhabu ya kufagia, asibadilike. Siku moja nikawasimulia watoto habari za Washington, jinsi alivyotembea maili 500 kwa miguu kwenda kutafuta elimu. Nilipokwisha, nikamgeukia mvulana yule mbele ya wenzake, nikasema, “Huyu maili 500 hazikumshinda, wewe maili tatu zakushinda. Huna nia.” Watoto wakacheka. Yeye akainama, asijibu neno. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa, wala juma lililofuata.

Nikaenda kwao. Nalimkuta bibi yake ameketi juani, macho yake hayaoni. Akanikaribisha kwa heshima, akaniambia kwamba mtoto amekwenda kuchota maji, na ya kuwa nyumba ile haina watu wengine ila wao wawili. Mtoto huamka gizani, huenda mtoni, huwasha moto, humpikia bibi uji, humwongoza nje apate jua, huwafunga mbuzi malishoni, ndipo hushika njia ya shule. Kisha bibi akasema, “Mwanangu mwalimu, mjukuu wangu aniambia kwamba umemwona hana nia. Mimi ni mtu wa zamani, sikusoma. Nia hiyo mnayoitaka huko shuleni yapatikana wapi? Kama yanunuliwa, nitauza mbuzi mmoja nimnunulie.”

Hakuwa akinidhihaki; alinena kwa moyo mweupe. Nami nikakosa jibu. Usiku ule nikawasha taa, nikakisoma tena kitabu cha Washington tangu mwanzo, si kama mwalimu atafutaye somo la kesho, bali kama mtu aliyeulizwa swali. Haya ndiyo niliyoyaona.

Booker alizaliwa mtumwa katika jimbo la Virginia. Mwaka wenyewe hakuujua kwa hakika. Katika kitabu akisia kuwa ni 1858 au 1859, na waliochunguza baadaye wasema ni 1856. Mama yake alikuwa mpishi wa shamba la bwana wao. Nyumba yao ilikuwa kibanda, na sakafu yake udongo mtupu. Baba hakumjua, alisikia tu kwamba alikuwa mzungu wa shamba la jirani. Mambo haya twayajua sote, maana ndiyo tunayoyasimulia ili kuonyesha jinsi alivyoanzia chini.

Lakini katika sura ile ile ya kwanza mna habari ndogo ambayo nalikuwa nimeipita mara nyingi bila kuiona. Watoto wa watumwa walipewa shati la kitani cha ovyo, gumu sana. Likiwa jipya lilimchoma mtoto mwili mzima kama miiba, naye hakuwa na jingine: avae hilo au akae uchi. Sasa Booker alikuwa na kaka, jina lake John. Huyo John, alipomwona mdogo wake akiteseka, akalichukua shati jipya akalivaa yeye siku kadhaa, hata likalainika, ndipo akamrudishia. Mwandishi asimulia jambo hili kwa mistari michache tu, kwa shukrani, kisha aendelea na mengine. Mimi sikuweza kuendelea. Niliweka kitabu chini nikafikiri: kabla Booker hajaanza kushindana na dunia, yupo mtu aliyekwisha kuchomwa na miiba kwa ajili yake.

Baada ya hapo nikakisoma kitabu nikimtafuta John katika kila sura, nami nikamwona, ingawa kila mara alikuwa na jina jingine.

Vita ya Marekani ilipokwisha mwaka 1865 na watumwa wakapata uhuru, jamaa hii ilihamia Malden, katika West Virginia, kwa baba wa kambo aliyefanya kazi katika matanuru ya kuchemshia chumvi. Booker naye akatiwa kazini. Kitu cha kwanza alichojifunza kusoma ni namba 18, alama iliyotiwa juu ya mapipa ya baba yake. Mama, ambaye hakujua hata herufi moja, akamtafutia kitabu cha kujifunzia kusoma. Shule ilipofunguliwa, baba wa kambo akakataa asiende, kwa kuwa mshahara wa mtoto ulihitajiwa nyumbani. Mwisho akakubali kwa sharti: mtoto afanye kazi tangu alfajiri hata saa tatu ya asubuhi, aende shule, na akitoka arudi kazini.

Hapa pana shida ambayo kila mwalimu apaswa kuitazama. Shule ilianza saa tatu, na kazi iliisha saa tatu, na kati ya hapa na pale palikuwa na mwendo. Mtoto akachelewa kila siku. Akafanya nini? Ofisini palikuwa na saa ya ukutani ambayo wafanyakazi zaidi ya 100 waliitegemea. Kila asubuhi mtoto akaingia, akausogeza mshale kutoka saa mbili na nusu mpaka saa tatu, akakimbia shule. Akaendelea hivyo hata msimamizi akatambua kwamba pana kasoro, akaifungia saa ndani ya kasha.

Sisemi kwamba alifanya vema. Saa ile ilikuwa ya watu wote, na hila ni hila. Lakini tazameni, wasomaji. Mtoto huyu nia alikuwa nayo tele. Kilichompungukia ni nusu saa. Nia yake yote, ambayo baadaye ilijenga chuo kizima, haikuweza kuifupisha njia ile hata kwa hatua moja. Nikamkumbuka mvulana wangu. Naye alipungukiwa nusu saa, wala hakuwa na saa ya kusogeza. Nami nikaitazama nusu saa ile nikaiita uvivu.

Haya, tuje kwenye safari yenyewe. Kijana alikuwa akifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe aliposikia watu wawili wakizungumza gizani juu ya shule ya Hampton, huko Virginia, ambako mwanafunzi maskini aweza kulipa kwa kazi ya mikono yake. Tangu siku ile hakuwaza jingine. Lakini hakuondoka papo hapo. Kwanza alitumika nyumbani kwa Bibi Viola Ruffner, mke wa mwenye matanuru, aliyekuwa mkali hata watumishi wengi walimkimbia. Bibi huyu alitaka kila kitu kiwe safi na kila jambo lifanywe kwa wakati wake. Akampa pia nafasi ya kusoma. Siku ya kuondoka, mwaka 1872, wazee wa kijiji waliokuwa watumwa maisha yao yote wakamletea, huyu sarafu, huyu leso. Hawakuwa wakimpa yeye peke yake. Walikuwa wakiwapa watoto wao wote kwa mkono wake.

Nami hapa yanipasa kuungama kosa la mwalimu. Niliwaambia watoto kwamba alitembea maili 500 kwa miguu. Kitabu hakisemi hivyo. Chasema safari yote ilikuwa yapata maili 500, naye alipanda magari pale alipoweza kulipa, akaomba kupakiwa pale alipokwisha fedha, na kwingine akatembea. Njiani alikataliwa kulala katika nyumba ya wageni kwa sababu ya ngozi yake. Alipofika mji wa Richmond alikuwa hana senti. Akalala usiku kucha chini ya njia ya mbao, watu wakipita juu ya kichwa chake. Asubuhi akaona meli ikishusha vipande vya chuma, akaomba kazi kwa nahodha, akapewa. Akafanya kazi siku kadhaa, na kila usiku akarudi kulala pale pale chini ya mbao ili asitumie fedha. Akafika Hampton na senti 50 mkononi. Habari hii yatosha kabisa ilivyo. Sisi ndio tuliyoiongeza chumvi, na kila tulipoiongeza tulimfanya mtoto wa kweli aonekane mdogo mbele ya mtoto wa hadithi.

Sasa naja kwenye ukurasa ninaoupenda kuliko kurasa zote za kitabu. Kijana amefika, nguo chafu, tumbo tupu. Mwalimu mkuu wa kike, Bibi Mary Mackie, hamkubali wala hamkatai. Amwacha asubiri, huku wengine wakiingia. Baada ya saa kadhaa amwambia achukue ufagio akafagie chumba cha kusomea. Kijana akafagia mara tatu. Akachukua kitambaa, akafuta vumbi mara nne, meza, viti, kuta, akazisogeza samani zote na kupangusa pembe zote. Bibi Mackie akaja, akatoa leso yake akaisugua juu ya mbao, asipate vumbi hata chembe. Ndipo akampokea.

Mtu akiniuliza nia ni nini, nitamjibu kwa ukurasa huu. Nia si kukaza uso, wala si kusema kwa sauti kuu, “Nitakuwa mkuu.” Kijana yule hakuwaza ukuu, aliwaza pembe za chumba. Aliyefagia mara ya kwanza alitii amri, na aliyepangusa mara ya nne, wakati hakuna amwonaye, huyo ndiye mwenye nia. Hapa mwandishi afundisha kwa mfano bila kuhubiri, kwa maneno mafupi, wala hajisifu. Sura zake za kwanza zote zina uzuri huo. Za mwisho si sawa nazo: amezijaza barua za wakubwa, sifa za magazeti, na habari za safari yake ya Ulaya ya mwaka 1899, na msomaji aona kwamba mwenye kufagia sasa asimama mlangoni akingoja kusifiwa.

Walakini hata katika ukurasa ule mzuri John yumo. Kijana alijifunza wapi kupangusa pembe? Kwa yule Bibi Ruffner. Baada ya kupokelewa, chakula alikilipa kwa nini? Kwa kazi ya kutunza vyumba aliyopewa na Bibi Mackie. Na ada ya mafundisho, dola 70 kwa mwaka, ambayo hakuwa na namna ya kuipata? Ililipwa na Bwana Morgan wa New Bedford, aliyetafutwa na mkuu wa shule, Jemadari Armstrong. Na John mwenyewe alikuwa Malden, akipeleka kile kidogo alichoweza kutoka machimboni. Nia ya Booker ilishika ufagio, lakini palikuwa na mtu aliyemkabidhi ufagio huo.

Mwaka 1881 akaitwa kuanzisha shule huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama. Akaifungua tarehe 4 Julai na wanafunzi 30, katika kibanda kilichovuja hata mwanafunzi mmoja alimshikia mwavuli akifundisha. Wakataka kujenga, na majengo yataka matofali. Wakafinyanga yapata 25,000, wakatengeneza tanuru, yasiive. Wakajaribu tanuru la pili, nalo likaharibika. La tatu nalo pia. Walimu wakakata tamaa. Washington akachukua saa yake, akaenda mji wa Montgomery, akaiweka rehani kwa dola 15, akarudi wakajenga tanuru la nne, matofali yakaiva. Saa ile hakuiona tena. Utotoni aliisogeza saa ya watu ili awahi yeye. Ukubwani akaitoa saa yake ili wengine wapate mahali pa kusomea. Mimi naona kipimo cha ukuu ki hapo. Tena katika kitabu mna habari za mkongojo: bikizee wa yapata miaka sabini, mwenye nguo kuukuu, alikuja kwa kuchechemea akileta mayai sita, akaomba yatiwe katika elimu ya vijana. Washington asema kwamba katika zawadi zote alizopokea hapana iliyomgusa moyo kama ile.

Mpaka hapa nimekisifu kitabu, na sifa zake ni za haki. Lakini kazi ya mhakiki ni kuuliza pia jambo lisilosemwa. Mahali pengi mwandishi akaza neno moja: kwamba mtu mwenye kazi njema na tabia njema, awaye yote ngozi yake, mwisho hutambuliwa na kupewa haki yake. Tofali zuri, kwa maoni yake, hununuliwa na kila mtu. Je, ilikuwa hivyo? Katika mwaka ule ule wa 1901, kitabu kilipotoka, jimbo la Alabama lilijipatia katiba mpya, ambayo kwa hila za masharti iliwaondolea watu weusi walio wengi haki ya kupiga kura. Masharti hayo hayakuuliza nani ana matofali mazuri.

Kwa nini basi kitabu kikanyamaza hivi? Tuulize kiliandikwa kwa ajili ya nani. Washington aliishi kwa kuomba. Shule yake ilikula, ikajengwa na kuvikwa kwa fedha za matajiri wa kaskazini, na kitabu hiki kilipelekwa kwao. Hata kazi ya kukiandika alisaidiwa na mzungu, Max Thrasher. Kitabu kilizaa matunda: mwaka 1903 tajiri Andrew Carnegie aliipa Tuskegee dola 600,000. Sisemi ni vibaya. Watoto walisoma kwa fedha hizo. Lakini mwombaji hawezi kumsuta mwenye nyumba huku amemnyoshea mkono. Matajiri walipenda kusikia kwamba nia ya mtu maskini yatosha, kwa maana kama yatosha, wao hawadaiwi zaidi ya sadaka.

Mwaka 1903 msomi mwingine mweusi, W. E. B. Du Bois, aliandika sura nzima ya kumpinga katika kitabu chake The Souls of Black Folk. Alimpa heshima yake, kisha akasema kwamba si haki kuuweka mzigo wote juu ya mabega ya mtu mweusi na kumwacha aliyemfungia mlango akae kando kama mtazamaji. Watu walidhani hawa wawili ni moto na maji. Lakini Washington alipokwisha kufa, tarehe 14 Novemba 1915, na barua zake zikachunguzwa na wataalamu, lilionekana jambo la ajabu: kwa siri alikuwa amewalipa mawakili waipinge katiba ile ya Alabama mahakamani. Mashauri hayo yalifika mahakama kuu ya Marekani miaka ya 1903 na 1904, yakashindwa. Basi mkono wake ulijua jambo ambalo kalamu yake haikuthubutu kuliandika. Alijua kwamba kuna milango ambayo mtu hata akipangusa mara nne haifunguki, mpaka wengine waisukume pamoja naye.

Najua yupo msomaji atakayesema, “Mwalimu, wafundisha uvivu. Ukiwaambia vijana kwamba hawawezi bila msaada, wataketi kungoja msaada.” Ni neno lenye uzito, nami nalijibu hivi. Booker na John walizaliwa na mama mmoja, wakalala katika kibanda kimoja. Mmoja jina lake limeenea ulimwenguni, na mwingine ni wachache wamjuao. Je, John hakuwa na nia? Alivaa miiba ya mwenzake, akaenda machimboni ili mwenzake asome. Booker alipomaliza Hampton mwaka 1875 akarudi Malden kufundisha, akamsaidia John naye aende Hampton. Na baadaye John alikuwa msimamizi wa kazi za mikono huko Tuskegee. Nia ya John ilikuwapo siku zote. Kwa muda ilikuwa imekopeshwa kwa mdogo wake. Tukimpima mtu kwa mahali alipofika tu, tutawaita wavivu watu wengi ambao nia yao yatembea kwa miguu ya wengine.

Kwa hiyo sisemi nia si kitu. Pasipo nia, dola 70 za Bwana Morgan zingepotea bure, na tanuru la tatu lingekuwa la mwisho. Nasema nia ni kama mbegu: lazima iwe hai, lakini hapana mbegu ijilimiayo shamba. Wazee wetu walilijua hili, ndiyo maana hawakutuachia methali moja tu. Waliosema penye nia pana njia ndio waliosema pia kwamba mkono mmoja haulei mwana, na ya kuwa dau la mnyonge haliendi joshi. Kosa ni letu sisi walimu tulioichukua moja tukaiandika ubaoni, tukaziacha nyingine nje.

Yamebaki machache. Nilikwenda kwa wazee wa kijiji, nikawaeleza habari za nyumba ile. Hawakukawia. Akina mama wa jirani walipeana zamu ya maji na uji wa asubuhi siku za shule, na kijana mmoja akajitolea kuwatoa mbuzi wale pamoja na wake. Haikugharimu fedha, iligharimu nusu saa, kila mmoja kwa siku yake. Mvulana akarudi. Nami mbele ya watoto wale wale waliocheka nikasema kwamba nilimkosea, ya kuwa mwenye kuamka gizani kumtunza bibi yake hawezi kuitwa mtu asiye na nia. Hakusema kitu, aliinama kama siku ile ya kwanza, lakini safari hii hapana aliyecheka.

Msidhani kwamba amekuwa wa kwanza darasani. Hesabu zamshinda bado, na mwandiko wake ni wa kuvumiliwa. Sijui kama atakuwa mkuu, wala si kazi yangu kujua. Najua kwamba kengele ikilia yupo mahali pake.

Methali yangu nimeiacha ubaoni. Ila sasa, watoto wakiisha kuinakili, nawauliza swali la pili, na kila mmoja ataja mtu wa kwao: njia hiyo nani aliifyeka? Nanyi wasomaji wangu, kabla ya kumwambia mtoto yeyote kwamba hana nia, jiulizeni kwanza kama liko shati jipya nyumbani kwake ambalo ninyi mngeweza kulivaa siku mbili tatu, hata likalainika.